Kidole Changu Hawakipati

Ano Kerasia, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Periklis,

Nakusalimu wewe, mwanao Ilias na mkamwana wetu Anke, yule ambaye mwaka jana alinitumia picha ya keki badala ya keki. Mimi ni mzima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi mmoja alianguka bondeni mwezi uliopita, nikamlilia, kisha nikamla. Jirani yangu Despo bado anachungulia kwangu akiwa nyuma ya pazia, na bado anaamini pazia linamficha.

Ilias alipiga simu mgahawani kuuliza kwa nini simu ya nyumbani kwangu imekufa. Mwambie haijakufa, nimeifukuza. Walikuja vijana wawili wenye fulana za kampuni, wakasema waya wa zamani unaondolewa, nijaze fomu upya: namba ya kitambulisho, namba ya kodi, namba ya hiki na kile. Nikawaambia wakunje waya wao waende nao. Na mgahawani sizungumzi, maana pale ukipiga chafya kijiji kizima kinakutakia afya. Kwa hiyo tuandikiane, kama watu waliosoma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Sikukuu ya Mama wa Mungu mwezi wa nane hukuja. Tangu ulipohamia huko hujawahi kuikosa. Umeniambia gari limeharibika. Nimefikiri sana juu ya hilo, nchi nzima ya Ujerumani imekosa fundi wa gari.

Ungekuja ungeona mambo. Baada ya liturujia, mtawa Theofilos alishuka kutoka kwenye pango lake, akatuhubiria habari za kitambulisho kipya: kwamba ndani yake mna kidude cha kielektroniki, na ndani ya kidude mna namba ya yule Mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Kisha tukaweka mikono juu ya picha ya Mama wa Mungu, kijiji kizima, tukala kiapo kwamba hakuna atakayeichukua kadi hiyo. Mimi ndiye niliyesoma maneno ya kiapo kwa sauti, wengine wakafuatisha. Padri Lambros alikuwa akitazama viatu vyake muda wote. Mtawa akasema, "Dada Hariklia, sauti yako ingefaa darasani." Nikamshukuru.

Nakutumia jibini la chumvi, kokwa za jozi na tini kama kawaida. Usimpe Anke zote.

Dada yako,
Hariklia


Stuttgart, 9 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa na mtetezi wa imani,

Tuko salama sote. Ilias amepandishwa cheo, sasa anachelewa kurudi nyumbani akiwa na tai nzuri zaidi. Anke anakusalimu, anasema keki aliituma kweli, posta ndiyo iliyokula. Wajukuu wanakua na hawanielewi ninapozungumza lugha yetu isipokuwa ninapotukana.

Nimesoma habari za kiapo nikacheka mpaka Anke akaja kuangalia kama napumua. Dada, umeapa kutochukua kadi ya kusafiria wakati safari yako ndefu kuliko zote ni ya kwenda Ioannina kung'olewa jino! Ni sawa na mimi niape mbele ya picha takatifu kwamba sitacheza mpira wa timu ya taifa. Na huyo Mnyama kweli hana kazi? Amezunguka dunia yote, ameacha mabenki na mawaziri, akaona hapana, lazima kwanza nimpate Hariklia wa Ano Kerasia mwenye mbuzi wawili.

Lakini sikiliza, hapa sifanyi mzaha. Njoo Krismasi. Chumba kipo, dirisha linatazama bustani. Tiketi ni juu ya Ilias. Shida ni moja tu: kitambulisho chako kile cha zamani kimeandikwa kwa herufi zetu peke yake, na watu wa ndege hawakitaki. Chukua kipya, mara moja tu, kisha ukifika nyumbani ukitupe kisimani.

Mzigo umefika, asante. Ila usitume tena jibini, Anke anasema linanukisha friji. Na jozi zinanisumbua meno. Tini pia acha.

Mdogo wako,
Periklis


Ano Kerasia, 12 Januari 2025

Mdogo wangu mwenye friji safi,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefunga barabara, na barua yako ilikaa wiki kadhaa mjini ikinisubiri kwa uvumilivu ambao wewe huna. Nina kuni, nina unga, nina redio. Nimeoka mkate wa altare kila Jumamosi kama ninavyofanya tangu Mama afariki, nikaugonga muhuri wa msalaba, nikaupeleka kanisani kwenye theluji inayofika magotini. Padri Lambros anasema wangu ndio mkate pekee ambao muhuri wake unasomeka. Wa Despo unatoka kama umekanyagwa na punda.

Kwa hiyo jibini langu linanuka. Miaka yote hiyo lilikuwa marashi, leo linanuka. Sawa.

Krismasi imepita, umeona sikuja. Umenicheka kuhusu kiapo, cheka tu, kicheko hakina kodi huko kwenu. Lakini usijifanye hujui. Kadi inataka kidole. Unakwenda kituo cha polisi, unakaa kwenye kiti, polisi anakushika mkono na kukibonyeza kidole chako kwenye mashine. Wezi ndio hufanyiwa hivyo, na mimi sijaiba. Kitambulisho changu cha mwaka 1984 kinanitosha. Picha inaonyesha mwanamke mwenye nywele nyeusi ambaye hata mimi nikikutana naye njiani nitampita bila salamu, lakini jina ni langu.

Tumetundika bango kwenye ukuta wa mgahawa: SISI SI NAMBA. Mwenye mgahawa alitaka liandikwe kwa rangi nyekundu, nikamwambia nyekundu ni ya wakomunisti, akaweka bluu. Watu wa mjini wanapita na magari, wanalipiga picha, kisha wanaomba kahawa. Biashara imechangamka. Mnyama ameleta wateja.

Gari limepona?

Hariklia


Stuttgart, 16 Februari 2025

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. Sote wazima. Gari tumeliuza, limekwisha, Mungu alirehemu.

Unaniambia habari za kidole kana kwamba mimi nina mikono yenye heri kuliko yako. Hapa nina kadi ya basi, kadi ya maktaba, kadi ya taka (ndiyo, pipa la taka linajua jina langu), kadi ya bima, kadi ya hospitali. Hiyo ya hospitali ni ya kawaida tu, kila mzee anayo. Hakuna Mnyama aliyekuja. Aliyekuja ni barua kunikumbusha kwamba chupa za kijani haziwekwi pamoja na za kahawia.

Kama Ilias atapiga tena mgahawani ukaitwa, mwambie asipige Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa asubuhi, sitakuwepo kukusalimia. Siku hizo nakwenda kuogelea. Daktari anasema ni vizuri kwa mgongo.

Njoo kabla ya kiangazi. Bustani hapa inachanua mwezi wa tano, kuna mti wa cheri, utaniambia kwamba wa kwetu ni bora, na mimi nitakubali bila ubishi. Njoo, Hariklia. Nakuomba.

Periklis


Ano Kerasia, 4 Mei 2025

Kristo amefufuka, Periklis!

Mwaka huu Pasaka ilikuwa nzuri. Mayai niliyapaka rangi nyekundu mpaka vidole vyangu vikabaki vyekundu, na tulipogonganisha mayai Despo alinivunjia yangu yote, nadhani lake ni la mbao. Mwana-kondoo tulimchoma uwanjani, mwenye mgahawa alilewa kabla hata moto haujawaka.

Nina habari ya kukupendeza, kaa kitako. Juma Kuu mtawa Theofilos hakuonekana. Tukadhani anafunga. Despo akapanda hadi pangoni na sufuria ya dengu, akarudi na dengu zake: pango limefungwa kwa kufuli. Baada ya Pasaka mtawa akashuka ana rangi ya jua, na taa mkononi. Alikuwa Yerusalemu! Amekwenda kupokea Moto Mtakatifu kaburini kwa Bwana. Kwa ndege.

Tukamzunguka pale mgahawani, chini ya bango letu. Mwenye mgahawa akamuuliza, "Baba, umepanda ndege na kitambulisho gani?"

"Sina kitambulisho mimi," akasema. "Nina pasipoti."

"Na pasipoti haina kidude ndani?"

"Pasipoti ni kitabu, mwanangu. Tuliapa juu ya kadi. Kitabu ni kitabu."

Basi watu wakatazamana, wakaona kumbe neno hilo lina mantiki. Despo akambusu mkono. Sasa kijijini wanaume watatu wameshaanza kuulizana habari za vitabu. Mimi nilirudi nyumbani kulisha mbuzi.

Unaogelea. Nimefurahi. Wewe ambaye mtoni ulikuwa ukiingiza kidole kimoja cha mguu, kisha unakwenda kumwambia Mama kwamba umeoga.

Ulisema "nakuomba." Sikumbuki lini uliniomba kitu mara ya mwisho, hata ulipokuwa mtoto ulikuwa unachukua tu. Una nini?

Hariklia


Stuttgart, 21 Mei 2025

Kweli amefufuka, dada yangu.

Mtawa wako apewe uwaziri. Mtu anayeweza kumvisha Mnyama jalada la kitabu na watu wakambusu mkono, amezaliwa kwa ajili ya bunge.

Lakini hebu, amekufungulia mlango! Chukua pasipoti. Kiapo chako kinabaki kizima kama yai la Despo, mtawa mwenyewe amekibariki, kijiji hakitasema neno. Mashine hiyohiyo, kituo hichohicho, wiki moja na umekipata kitabu chako. Ilias atakuja kukupokea uwanja wa ndege mwenyewe, amevaa tai. Sasa huna kisingizio, nimefurahi kweli, nimemwambia Anke asafishe chumba.

Sina kitu. Nimezeeka tu. Wazee wanaomba.

Periklis


Ano Kerasia, 8 Juni 2025

Mdogo wangu,

Wewe na salama, mimi na salama, yamekwisha hayo.

Pasipoti sichukui. Kituo ni kilekile, kiti ni kilekile, kidole ni kilekile. Mtawa anaweza kumdanganya Mungu kwa jalada, huo ni ujuzi wake, ana muda mwingi pangoni wa kuufanyia mazoezi. Mimi sikuweka mkono juu ya picha ya Mama wa Mungu ili nikatafute tundu la kupenyea. Usiniulize zaidi.

Sasa zamu yangu kuuliza. Juzi nilikaa na Despo barazani, tunachambua kunde. Akaanza kumlilia marehemu mumewe kama anavyofanya kila akiona kunde. Akasema, "Maskini Thomas wangu, alikufa bila hata kuonja jibini. Walimkataza kila kitu! Jibini la chumvi hapana, jozi hapana, tini hapana."

Nikamuuliza, "Nani alimkataza?"

"Daktari wa Ioannina, yule wa figo. Na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anapelekwa kwenye mashine ya kuoshea damu, anarudi mweupe kama shuka."

Niliinuka nikaziacha kunde zake.

Periklis, nakuuliza mara moja, na unijibu kama mwanamume: unaogelea wapi?

Hariklia


Ano Kerasia, 8 Julai 2025

Mdogo wangu,

Mwezi mzima hujajibu. Basi umejibu.

Nakuandikia nikiwa na hasira nawe, kwa hiyo usitegemee salamu. Mpumbavu wewe. Friji inanuka! Meno! Gari! Ukiwa mtoto ulikuwa mwongo hafifu, na uzee haujakuongezea kipaji. Mimi nimekaa hapa nikikufungia tini kwenye karatasi, na wewe huko unatobolewa mkono na hutaki dada yako ajue. Nimelia, nakwambia wazi, nimelia mpaka mbuzi wakaja kuangalia.

Jumapili ya tarehe 29 Juni, baada ya liturujia, nilisimama mbele ya kijiji palepale niliposomea kiapo. Nikasema, "Nilikisoma mimi, na mimi nakivunja. Kesho nakwenda mjini kuchukua kadi. Kadi, sio kitabu."

Despo akadakia: "Hariklia, una wazimu? Si uchukue pasipoti tu, mama, kama mtawa!"

Nikamjibu, "Kama ninavunja, navunja mchana kweupe."

Padri Lambros aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mtawa ndiye aliyesema. Alisema mengi, na jina la Yuda limo ndani yake. Sikumwambia mtu yeyote kwa nini nakwenda. Ugonjwa wako si wa kuuzwa pamoja na kahawa mgahawani.

Jumatatu nikaenda. Kituo wamekipaka rangi ya maziwa, wameweka na ua kwenye chungu. Polisi ni kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, ana ndevu za mtindo. Nilikaa kwenye kiti, Periklis.

"Bibi, lete kidole."

Nikampa. Akakibonyeza kwenye kioo, mashine ikalia. Akakifuta kwa kitambaa, akabonyeza tena, ikalia. Akataka kingine. Akajaribu mkono wa kulia, akaja wa kushoto, akanipaka krimu, akapuliza. Mashine inalia tu kama mtoto mwenye njaa. Mwishowe akavigeuza vidole vyangu kwenye mwanga, akavitazama.

"Bibi, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Kufuma. Na kufua sufu kwa maji ya majivu."

"Huna alama, bibi. Zimefutika. Mashine haioni kitu."

Nilicheka, Periklis. Nilicheka kwenye kituo cha polisi, sauti ikatoka hadi barabarani, na mkubwa wake akaja kuuliza kama kuna mtu anaumwa. Maisha yangu yote nimekificha kitu ambacho nilishakisugua mwenyewe kikaisha. Kijana naye akacheka, akasema kuna sehemu ya kuandika "haiwezekani kuchukuliwa", akaandika, akanipiga picha, akaniambia nisitabasamu. Nikamwambia hilo halitakuwa taabu.

Kadi nitaipata baada ya wiki mbili. Jumamosi nilioka mkate wa altare, nikaupeleka. Wanawake walikuwa mlangoni, hakuna aliyeupokea. Padri alitumia wa Despo, ule wa punda. Nimekula wangu mwenyewe kwa asali siku tatu, nikilia kidogo kila asubuhi. Ni mzuri, kwa kweli, sikujua.

Nisubiri. Na uache kuogelea uongo.

Hariklia


Stuttgart, 9 Julai 2025

Dada yangu Hariklia,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi, nikaichana, Anke akadhani naandika mashairi.

Ndiyo, ni figo. Tangu mwaka jana kabla ya sikukuu. Mara tatu kwa wiki nakaa kwenye kiti kikubwa cha bluu, naunganishwa, damu yangu inakwenda kutembea na kurudi. Inasafiri kuliko wewe. Nina mkanda mkononi wenye namba yangu, na muuguzi kila asubuhi ananiuliza jina langu na tarehe ya kuzaliwa, kisha anahakikisha kwa mkanda kama sijajisingizia. Kumbe tulipokuwa tunakucheka na bango lenu, mimi nilishakuwa namba.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na nilitaka uje kwa hiari yako, sio kwa huruma. Halafu hukuja, nikakasirika. Ndivyo tulivyo.

Lakini uliposema hata pasipoti huitaki, niliacha kucheka. Kama ungekuwa unamwogopa Mnyama, ungeshachukua kitabu na kwenda zako. Dada, usinifiche na namba za mtawa. Nakumbuka. Kila Jumapili baada ya kanisa Baba alipitia kituoni kuthibitisha kwamba bado yupo na bado ameshindwa vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, yeye na wakomunisti wenzake. Alirudi mezani na kidole gumba cheusi kwa wino, akakata mkate kwa mkono ule, na hakuna kati yetu aliyekitazama. Na nakumbuka ulipofaulu mtihani wa chuo cha ualimu, wakati makanali wa jeshi walipotawala nchi. Walitaka cheti cha polisi cha kuonyesha familia inawaza nini. Hukupewa. Ukaingia kwenye kufuma, na hukusema lolote, wala hatukukuuliza. Ungekuwa mwalimu mkali sana, watoto wangekuogopa na kukupenda.

Kwa hiyo nimekata shauri. Usichukue chochote, si kadi wala kitabu. Walau mtu mmoja katika ukoo wetu asikalie kiti kile. Hospitali ya Ioannina wamekubali kunipa nafasi kwenye mashine kwa wiki mbili. Daktari wangu hapa hajafurahi, anasema moyo nao umechoka na safari inaweza kunimaliza. Anke halali. Lakini nitakuja. Siku ya Mama wa Mungu nitakuwa kanisani, nimekaa kwenye kiti kwa sababu siwezi kusimama, nikikusikiliza unasoma.

Baki na kiapo chako.

Mdogo wako,
Periklis


Ano Kerasia, 21 Julai 2025

Periklis,

Barua zetu zimepishana njiani, yako imefika leo, na najua yangu nawe unayo sasa na umeshaanza kujikuna kichwa.

Habari za Baba sikujua kama unazikumbuka. Ulikuwa mdogo, nilidhani pale mezani ulikuwa unakula tu. Kile cha kusema kuhusu chuo umekisema wewe, basi mimi nimepumzika. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, nikaenda kusimama nje kidogo. Asante.

Sasa sikiliza maana sitarudia. Umenipa ruhusa ya kubaki na kiapo changu siku chache tu baada ya mimi kukitupa mbele ya kijiji kizima. Wewe tangu uzaliwe hukuwahi kufika mahali kwa wakati. Kadi imetoka, ipo hapa mezani karibu na chumvi. Picha ni mbaya, nimefanana na mtu anayetafutwa. Despo amekuja jana kuitazama, kupitia mlangoni safari hii. Akaigeuza huku na huku, akaisogeza puani akainusa, akauliza, "Sasa unakwenda wapi nayo?" Nikamwambia. Akakaa, akanishika mkono, hakusema kitu, na unajua kwa Despo hilo ni tendo kubwa. Mkate wangu bado hawautaki. Labda watautaka, labda hawatautaka.

Ilias nimempigia mgahawani, mbele ya wote, kwa sauti. Amenikatia ndege ya tarehe kumi Agosti. Siku ya Mama wa Mungu nitakuwa huko kwenu, na kama hakuna kanisa karibu, nitakusomea mwenyewe hapo kwenye kiti chako cha bluu, na wauguzi wasikilize.

Kwa hiyo rudisha nafasi ya Ioannina, mpe mgonjwa mwingine. Mwambie Anke alale. Usifunge begi, usipande gari, usitoke hata bustanini. Kaa hapo hapo ulipo, Periklis, na usithubutu kufa. Nimeshakivunja kiapo, na sikubali kiwe kimevunjika bure.

Dada yako,
Hariklia